Barua ya wazi kwa wakuu wa Kisumu: mmetuambia tule vizuri, sasa tuwezesheni

Kwa Serikali ya Kaunti ya Kisumu,
Kwa waheshimiwa wawakilishi wadi,
Kwa wasimamizi wa hospitali na vituo vya afya vya kaunti.

KUH: CHAKULA NA UZITO KATIKA MATIBABU YA KISUKARI

Waheshimiwa,

Napika na kuuza chakula Kondele, na mimi mwenyewe nina kisukari. Suala hili nimeliona nikiwa nyuma ya sufuria na nikiwa kwenye benchi la kliniki, na ndiyo maana naandika.

Mgonjwa wa sukari akitoka kwa daktari hubeba maagizo mawili. La kwanza ni la dawa. Lina karatasi, lina kipimo, lina saa, na lina dirisha ambapo utaichukua dawa yako au utaambiwa haipo. La pili ni la chakula na mwili: punguza wanga, punguza mafuta, punguza kilo. Hilo linasemwa mgonjwa akiwa ameshainuka kwenye kiti. Halina karatasi, halina kipimo, na hakuna atakayekuuliza tena limefika wapi. Na bado kila daktari niliyewahi kumsikiliza husema kwamba hilo la pili ndilo msingi, na dawa hujengwa juu yake. Ninachowaomba katika barua hii yote ni kwamba agizo la chakula lipewe mtu, mahali na pesa, jinsi agizo la dawa lilivyopewa.

Nawaandikia ninyi kabla ya kuandikia Nairobi kwa sababu Katiba ya 2010 iliwakabidhi ninyi kazi hii. Jedwali la Nne linaweka mikononi mwa kaunti vituo vya afya, afya ya msingi, masoko, leseni za biashara, elimu ya chekechea, na hata udhibiti wa kila anayeuzia umma chakula. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Yaani kliniki ninakotibiwa, soko ninakonunua mboga na kibanda ninachopikia vyote viko chini yenu.

Niseme kwanza ugonjwa wenyewe, maana mitaani unachanganywa sana. Kuna kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho huacha kutoa insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu. Mara nyingi huwapata watoto na vijana, na hakitokani na kula sukari wala na unene. Mtoto huyo anahitaji insulini kila siku ya maisha yake, na anayemshauri mzazi aiache ajaribu majani anamhukumu mtoto kifo. Mimi nazungumzia aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi wetu. Kongosho bado inatoa insulini, lakini mwili hauiitikii vizuri, na mafuta yanayojazana tumboni, kwenye ini na kwenye kongosho yenyewe huzidisha tatizo. Wapo watu wembamba wenye aina hii, na damu ya ukoo ina mchango wake, kwa hiyo si haki kumtazama kila mgonjwa kama mlafi. Lakini kwa aliye na mwili mzito, kupunguza kilo kadhaa hushusha sukari, husaidia presha, na wakati mwingine humwezesha daktari kupunguza dawa.

Sasa twendeni kliniki.

Katika hospitali moja ya umma ninayoifahamu, siku ya sukari huanza kabla jua halijachomoza. Tunaambiwa tufike bila kula ili tupimwe sukari ya mfungo. Wanaotoka Nyakach, Seme na Muhoroni wamepanda matatu ya alfajiri. Foleni ya kupima inasonga, ya faili inasonga, ya daktari inasimama. Kufikia saa tano kuna watu wanatetemeka mikono. Aliyejidunga insulini asubuhi kwa mazoea, tumbo likiwa tupu, anaweza kuzimia palepale kwenye benchi, na nimeona jirani akimkimbilia mwenzake na kipande cha peremende. Nje ya geti kuna chai ya maziwa ambayo imeshatiwa sukari, mandazi na soda. Kwa hiyo mtu akishapimwa hutoka, anafungua kinywa kwa vitu vile vile ambavyo atakatazwa baada ya saa moja, kwa sababu hakuna kingine na njaa imemzidi.

Halafu chumba cha daktari. Simlaumu. Faili zimepangwa mezani hadi zinamficha, na kila mmoja wetu ana dakika chache tu. Anasoma kipimo, anaandika metformini, anaongeza glibenklamidi au insulini, kisha anasema, "Mama, punguza ugali, punguza mafuta, fanya mazoezi." Siku moja tuligawiwa karatasi ya vyakula vinavyofaa, nakala iliyofifia. Ilikuwa na oti za asubuhi, brokoli, samaki wa salmoni, mafuta ya zeituni, tufaha. Mzee aliyekaa kando yangu aliishika kwa mikono miwili, akaipitia kwa kidole mstari baada ya mstari, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyathina (mwanangu), hivi vinauzwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Osuga, yaani managu, haikuwemo. Dek, yaani saga, haikuwemo. Apoth (mrenda), kunde, omena, ngege (tilapia), mtama, dengu, maharagwe, mapera, hakuna hata kimoja. Mzee yule ana kando ya nyumba yake mboga ambazo zingemsaidia, na alirudi nyumbani akiamini kwamba chakula cha kumtunza ni cha matajiri.

Karatasi hiyo iandikwe upya, na hili ni jambo la wiki chache mkiamua. Wataalamu wa lishe wa kaunti wakae na wapishi wa hapa, waandike kwa Kiswahili na Dholuo, waweke picha za sahani zetu. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe samaki, omena, maharagwe, dengu, yai au nyama isiyo na mafuta. Robo iwe ugali, wali, kiazi kitamu au nduma, na ugali huo usizidi ngumi ya mlaji. Picha moja tu ya sahani ya namna hiyo yenye kuon (ugali), osuga na ngege wa kuchemsha ingefundisha zaidi ya semina nzima.

Karatasi hiyo iseme pia ukweli ambao wengi hawajaambiwa. Watu wamesikia kwamba ugali wa wimbi na mtama ni wa wagonjwa wa sukari, basi wanaukata mlima. Ni kweli nafaka nzima ina makapi yanayosaidia, na ni bora kuliko unga mweupe uliokobolewa. Lakini wimbi ni wanga vilevile. Uji wa wimbi uliosagwa laini, kikombe kikubwa, na vijiko vya sukari juu yake, utapandisha sukari yako. Vilevile tunda zima si sawa na juisi yake, na juisi ya miwa inayokamuliwa barabarani, hata iwe imetoka shambani leo, ni sukari tupu kwa mtu kama mimi. Naisema hii nikiwaheshimu wakulima wa Muhoroni na Chemelil. Nina ndugu huko.

Kuna jambo ninalolijua kama mpishi ambalo sijaliona kwenye karatasi yoyote ya afya, nalo naomba mlisikilize kwa makini. Ukubwa wa ugali huamuliwa na bei ya kitoweo. Omena ikiadimika, samaki akipanda, sukuma ikikauka wakati wa kiangazi, mteja haongezi pesa kwa sababu hana. Anasema, "Mathe, kata ugali kubwa, mwaga supu." Mboga inakuwa ya kulainisha tonge tu, na unga ndio unaojaza tumbo. Pakiti ya kilo mbili hunitolea sahani nane za wanaume. Yaani robo kilo ya unga mkavu kwa mtu mmoja, mlo mmoja, na humo mna wanga wa gramu 180 hivi. Kijana wa mjengo anayebeba mawe hadi jioni anaweza kuuchoma wote. Lakini sahani hiyo hiyo anaila mwenye boda boda anayekaa kwenye pikipiki tangu asubuhi, anaila mlinzi wa usiku, anaila mama anayeuza nguo akiwa ameketi kutwa. Na jioni nyumbani kuna ugali mwingine.

Kwa hiyo mkitaka ugali upungue sahanini, anzeni sokoni. Mboga za kienyeji zinazofika soko la Kibuye kutoka Kano, Vihiga na Kisii hunyauka mchana, na mwenye kuziuza hufidia hasara kwa kupandisha bei ya zile zilizobaki. Kivuli, maji safi, sakafu isiyo na matope na mahali pa ubaridi pa kuhifadhia mboga hadi kesho ni mambo ya afya, hata kama yameandikwa kwenye kitabu cha biashara. Ada ya soko anayotozwa mama wa mboga na mwenye matunda itazamwe upya. Mimi hununua kila siku, najua: mboga ikishuka bei kidogo tu, naijaza zaidi kwenye sahani bila mteja kuongeza hata shilingi, kwa sababu nataka arudi kesho.

Nije kwenye uzito. Hapa kwetu kuna kikwazo ambacho mtaalamu kutoka nje hawezi kukiona haraka. Tulizika watu wengi mno kwa ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 uliikuta Kisumu bado ina maambukizi ya asilimia 17.5 ya watu wazima, miongoni mwa viwango vya juu kabisa Kenya. Tulizoea kuona mtu akikonda kisha akifa, na jicho hilo halijafutika. Mwanamke akipunguza kilo kumi kwa juhudi zake, majirani watanong'ona. Mume ataulizwa kama anamlisha. Mama mkwe atamletea maziwa. Unene kwa wengi wetu bado ni dalili ya ndoa njema na mfuko mzuri. Najua mwanamke aliyeanza vizuri kabisa, sukari ikashuka, kisha akaanza kula tena makusudi ili viuno virudi, kwa sababu hakustahimili maneno ya watu kanisani. Maneno hayo huwezi kuyashinda peke yako. Yanahitaji viongozi waseme hadharani, redioni na kwenye mazishi, kwamba kupungua kwa mtu mwenye sukari kunaweza kuwa afya. Hapohapo waseme kwamba kukonda ghafla bila kukusudia, pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara, ni dalili ya kwenda kupimwa upesi.

Lakini janga hilohilo lilitufundisha kitu, na hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pengine popote katika barua hii. Ni mkoa huu wetu uliojifunza namna ya kumshika mkono mgonjwa wa maisha. Kwenye kliniki za virusi vya ukimwi, mtu alikutana na mwenzake mwenye hali kama yake aliyefunzwa kumshauri. Kulikuwa na vikundi vya kutiana moyo. Ukikosa siku yako ulipigiwa simu, na usipopokea, mtu alikuja hadi nyumbani, kwa heshima, akakuuliza kuna nini. Watu walibaki kwenye dawa kwa sababu hiyo, na leo wanalea wajukuu. Mgonjwa wa sukari akikosa kliniki miezi sita, hakuna anayejua. Atarudi na kidonda cha mguu kinachonuka, na kufikia hapo mazungumzo ni ya kukata. Vyumba vipo, uzoefu upo, washauri waliofunzwa wapo mitaani. Anzisheni vikundi vya sukari kwa mtindo huo huo, kila kituo cha afya, vikutane karibu na nyumbani, vipike pamoja, vipimane uzito na kiuno, na kila kikundi kiwe na mtaalamu wa lishe anayekijua kwa majina.

Ushahidi kwamba kusindikizwa namna hii kunafaa upo. Marekani, utafiti mkubwa uliotangazwa 2002 uliwachukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Metformini peke yake ilipunguza kwa asilimia 31. Uingereza, utafiti wa 2017 uliofanyika kwenye kliniki za kawaida huko Scotland na Tyneside ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa aina ya pili waliosimamiwa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na sukari iliyotoka kwenye kiwango cha ugonjwa bila dawa za sukari. Hao walikuwa wamegunduliwa katika miaka sita ya karibuni, na walikula mlo maalum wenye nguvu kidogo sana chini ya uangalizi. Naomba msomaji mwenye sukari asijaribu njaa ya namna hiyo peke yake. Anayetumia insulini au glibenklamidi akikata chakula ghafla bila dawa kurekebishwa, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Katika tafiti zote mbili watu hawakuambiwa tu "punguza mwili" wakaachwa. Wale wa Marekani walipewa masomo 16 mmoja mmoja, na mkufunzi aliyewafuata. Wale wa Uingereza walikuwa na muuguzi au mtaalamu wa lishe waliyerudi kwake mara kwa mara. Sisi tunapewa sentensi moja, kisha tukirudi na kilo zile zile tunaambiwa hatuna nidhamu.

Kuhusu upimaji nitasema kwa ufupi. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima sukari na ya presha. Ni hatua kubwa, na naishukuru. Lakini mashine bila stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, ni chuma tu. Hakikisheni stripu hazikatiki, na mwongezeeni mhudumu kitu kimoja cha bei ya chini mno, tepu kama ya fundi cherehani. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume ni onyo linalosomeka bila tone la damu. Sukari ya mfungo ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, mtu asiachwe na namba hiyo kichwani. Aambiwe aende wapi, siku gani, amwone nani ili kipimo kirudiwe na kuthibitishwa.

Sasa kuhusu sisi wapishi. Tuko wengi mjini hapa, na watu wengi wa Kisumu hula mchana kwetu kuliko nyumbani kwao. Ofisa anapokuja kibandani hutazama cheti changu cha afya, leseni, maji ya kunawa na aproni. Ni sawa, kipindupindu tumekiona. Lakini hakuna anayeuliza mafuta nakaangia mara ngapi kabla ya kuyamwaga, natia chumvi kiasi gani, au kama nina chakula kwa mteja aliyekatazwa. Sitaki faini mpya wala msako, maana tayari kibanda ni maisha ya wasiwasi. Nataka mafunzo. Siku moja tunapokuja kuchukua leseni, tukae na mtaalamu wa lishe atuonyeshe namna ya kutengeneza mboga bila kuiogesha mafuta, namna ya kumpimia mteja wa sukari. Mimi nimeshaanza kuuza sahani ya ugali nusu na mboga mara mbili kwa bei ile ile ya kawaida. Mwanzoni walioiagiza walikuwa wagonjwa. Sasa hata makarani wa ofisi za karibu wanaitaka. Kaunti ikitoa hata kibandiko kidogo cha kuonyesha kwamba hapa kuna sahani ya namna hiyo, mgonjwa aliye safarini atajua pa kuingia badala ya kushinda na soda na keki.

Nikitaja soda, niseme na hili. Nilihudhuria kikao kimoja cha kuelimisha umma kuhusu magonjwa haya. Kilikuwa kizuri, mzungumzaji alijua kazi yake. Mwishoni kila mtu akapewa soda ya nusu lita na keki. Chupa hiyo ina sukari ya gramu 50 hivi, zaidi ya vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku nzima, na ni heri abaki kwenye 25. Wazee wenye sukari walikunywa, kwa sababu kwetu kukataa ulichokaribishwa ni utovu wa adabu. Toeni agizo leo kwamba kwenye vikao vyote vya kaunti tutapewa maji, njugu, ndizi au mahindi ya kuchemsha. Halihitaji sheria mpya, na pesa zitabaki. Agizo hilohilo liguse kantini na vibanda ndani ya nyua za hospitali. Anayepewa nafasi ya kuuzia wagonjwa chakula awe na chai isiyotiwa sukari, mayai ya kuchemsha, nyoyo, matunda. Nyoyo ya mahindi na maharagwe inashibisha mpaka alasiri, na haipandishi sukari kwa kasi ya mandazi na chai tamu.

Chekechea ni zenu pia. Uji wa watoto upikwe bila sukari au kwa kidogo sana. Ulimi wa mtoto unazoea unachoupa, na tukiwazoesha utamu wakiwa na miaka minne tutakuwa tunawatafutia nafasi kwenye benchi lile lile.

Kuhusu mazoezi, madaktari husema nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki. Mimi hufunga kibanda giza likiwa limeingia na hufungua kabla ya alfajiri. Katika njia nyingi za Manyatta, Nyalenda na Obunga, mwanamke kutembea peke yake saa hizo ni kujitafutia balaa, na kwenye barabara kubwa pikipiki zimepanda hadi kwenye njia ya miguu. Taa za mitaani na njia ya miguu isiyovamiwa zitanifikisha kwenye hizo dakika 150 bila kulipia jimu. Mjini katikati mmeonyesha kwamba inawezekana. Leteni mitaani tunakoishi.

Na wale wanaozunguka sokoni na vipaza sauti wakiuza chupa za kuponya sukari kwa wiki mbili, wadhibitiwe. Watu wanaacha insulini kwa ajili ya chupa hizo.

Najua mtasema fedha hazitoshi, na kwamba bima ya afya ya taifa, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ndiyo inayotazamiwa kubeba gharama. Bima itamlipia daktari wa upasuaji akate mguu, na italipia mashine ya kusafisha damu figo zikifa. Mtu wa kunifundisha kukata ugali kabla sijafika huko anaajiriwa na ninyi, na mshahara wake haufikii gharama ya kumsafisha damu mgonjwa mmoja mara mbili kwa wiki mwaka mzima.

Sheria inawataka mpeleke makadirio ya bajeti kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa mwite umma utoe maoni. Sisi wa kliniki ya sukari tumekubaliana kuja kwenye vikao hivyo katika wadi zetu, pamoja na wapishi wenzangu na akina mama wa mboga. Tutauliza ni wataalamu wa lishe wangapi wataajiriwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai na watakaa vituo gani. Stripu zimetengewa shilingi ngapi. Vikundi vya sukari vitaanza lini, wapi. Na karatasi mpya ya chakula itatoka mwezi gani. Tunaomba mje na tarakimu na majina ya vituo.

Wenu mwaminifu,
Mama wa kibanda cha chakula, Kondele, Kisumu